Ramani ya mtaa wako nani kaichora?

Wiki hii tuwaache kidogo walioachana na waliorudiana, tuongee habari ya ramani. Wewe usigeuze ukurasa, ngoja kwanza!

Unayekaa uswahilini, mgeni akikuuliza njia ya kufika kwako unamjibuje? "Shuka kituoni, ingia barabara ya vumbi, ukifika kwenye mwembe muulize mama wa vitumbua kwa baba nanihii." Mama wa vitumbua akiwa anaumwa siku hiyo, mgeni wako kaliwa na mji. Kama alikuja kunywa chai mtacheka yaishe. Lakini zimamoto wakija saa nane za usiku, mwembe hauonekani na mama kalala zake, hapo hakuna wa kucheka.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kibera ya Nairobi, na watu wote wale, mpaka 2009 kwenye ramani nyingi ilikuwa doa tupu. Utadhani ni pori! Vijana wa humo humo wakashika GPS, wakapita vichochoroni na kuchora vyoo, mabomba, shule na zahanati. Hapa Dar, 2011 ikawa zamu ya Tandale. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakaichora.

Desemba ya mwaka huohuo ikashuka ile mvua. Walio bonde la Msimbazi hawahitaji kukumbushwa. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, wengine wakahamishiwa Mabwepande na vyombo vyao vilivyobaki. Maji yakishakuja watu wanahangaika kuuliza: nyumba ngapi zipo kule chini, mtaro unapita wapi, njia gani ya kutokea? Maswali ya kuuliza wakati wa jua, jamani.

Ndiyo ukaja mradi wa Ramani Huria, 2015. Washikaji wa vyuo wakaungana na watu wa mitaani, wakarusha ndege zisizo na rubani kupiga picha kutoka juu, kisha wakatembea kwa miguu na karatasi zilizochapishwa picha hizo. Picha ya angani inakuonyesha bati tu. Haikuambii kama ni gesti, msikiti au saluni, wala kwamba ule mtaro umejaa takataka mpaka shingoni. Anayejua ni mjumbe na bibi aliyekaa pale tangu zamani, anayekuonyesha ukutani kabisa: "Maji yalifika hapa." Kwangu mimi huyo bibi ni mtaalamu kuliko droni.

Yote hayo yakaingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyo wazi. Aliyeianzisha ni Steve Coast wa Uingereza, mwaka 2004, kwa sababu data za ramani za kwao zilikuwa za kununua na zina masharti kibao. Hii yeyote anaichora, yeyote anaichukua bure, mradi aseme kaitoa wapi. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, watu wa nchi mbalimbali walikaa majumbani kwao wakachora mitaa ya Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo hiyo. Hebu fikiria, mtu hajawahi kukanyaga Haiti!

Najua kuna mjanja atasema, "Kwani simu yangu haina ramani?" Inayo, na ni nzuri, lakini ina mwenyewe. Wewe ni mpangaji tu humo. Akiona kichochoro chako hakina biashara, akikiruka utamfanya nini? Ile iliyo wazi ukiona kosa unasahihisha mwenyewe, leo hii. Tena programu kama Organic Maps na OsmAnd zinakuwezesha kupakua mji mzima, ukatembea nao bando likiwa limekata. Kwa hali zetu hiyo ni bomba.

Isipokuwa mimi nina ugomvi na sisi wenyewe. Mradi ukiwepo tunajazana, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Mradi ukiisha kila mtu kwao. Mji haukusubiri! Nyumba zinabomolewa, mitaro inahamishwa, daraja la miti linaondoka na maji, na asipopita mtu kufuta, litaendelea kuonekana kwenye ramani kama lipo. Siku ya mafuriko mtu analikimbilia hilo daraja.

Kwa wanaotaka kujaribu, ni kujiandikisha tu kwa barua pepe. Anza na vitu vidogo: bomba la maji, duka la dawa, choo cha kulipia, ngazi za kuteremkia bondeni. StreetComplete, ya simu za Android, inakuuliza maswali mepesi ukiwa njiani: hii barabara ni lami au vumbi, hili jengo lina ghorofa ngapi. Usinakili kutoka ramani ya kampuni nyingine, huo ni wizi na kazi yako itafutwa. Halafu, akina dada na akina kaka, usiandike jina la mwenye nyumba wala nani anaingia kwa nani saa ngapi. Hayo yaleteni huku kwetu gazetini.

Na yule mama wa vitumbua? Mwekeni kwenye ramani, lakini muombeni ruhusa kwanza.