Acha Kuringa na Word ya Kraki

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, akaunti ilikufa kabla hata ya marafiki kuanza kunipotezea. Unaijua ile barua pepe ya chuo inayokuja na programu za ofisi za bure na mahali pa kuweka faili mtandaoni? Ilifungwa wiki chache baada ya mimi kushindwa kulipa karo. Mle ndani kulikuwa na hadithi kumi na moja na nusu ya riwaya ambayo, kusema kweli, haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yangu. Nilipiga simu. Nikaenda hadi ofisini. Nikaambiwa akaunti ni za wanafunzi, na mimi si mwanafunzi tena. Ungejibu nini?

Basi nikafanya vile kila mtu hufanya. Nilienda saiba ya mtaa, nikampa kijana mia tano, akachomeka flashi. Kwanza alizima antivairasi, akasema ni kawaida, usiwe na wasiwasi. Baada ya dakika ishirini nikatoka na Word ya kraki, nikijiona mjanja kuliko Marekani nzima. Miezi minne baadaye, siku mbili kabla ya makataa ya shindano, nilifungua flashi nikakuta kila faili imegeuka kuwa kialama chenye kishale, ukibonyeza hakuna kitu. Laptopu nayo ikawa inajizima yenyewe. Kijana wa saiba aliifuta yote akaanza upya, na hadithi ya shindano ikaenda na maji. Siwezi kuapa kwamba ni kraki iliyoleta hivyo virusi. Lakini mimi ndiye niliyekubali mlinzi azimwe ili mgeni aingie, na hiyo ilitosha kunifanya niulize ni kwa nini sisi waandishi tunaliona jambo hili kuwa la kawaida.

Na si kwamba tunaliona la kawaida tu. Tunajisifu. Kaa na waandishi wa rika langu, wale wa kusoma mashairi Alhamisi usiku na chai moja watu watatu, utasikia. Huyu ana InDesign ya kraki, yule ana Word ya mwaka gani sijui, mwingine anajua tovuti ambapo unapata zote mbili. Tunaongea kama Robin Hood, ati tunawaibia matajiri.

Matajiri wenyewe hawaoni hivyo. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumzia China, alisema waziwazi kwamba kama watu wataiba programu, ni afadhali waibe za kampuni yake. Watazizoea kabisa, na baadaye kampuni itatafuta njia ya kukusanya pesa. Soma hiyo sentensi tena ukijifikiria wewe. Unapojifunza kuandika kwa Word ya kraki miaka mitano, unafanyiwa mafunzo ya bure ya kuwa mteja. Siku utakapopata kazi ya mshahara, mwajiri wako atalipa leseni, manake huwezi kutumia kitu kingine. Hapo nani amemwibia nani?

Adobe nao waliacha kabisa mambo ya ununue mara moja uende nayo nyumbani. Tangu mwaka 2013, matoleo mapya ya programu zao kubwa, InDesign ikiwemo, hupatikani nayo ila kwa kulipa kila mwezi au kila mwaka. Usipolipa, faili yako unayo, lakini cha kuifungulia huna. Ni kama mwenye nyumba wetu wa Kahawa West anayefunga mlango kwa kufuli lake huku sufuria zako ziko ndani. Sufuria ni zako, ndio. Haya, pika.

Mimi natumia LibreOffice kwa kuandika na Scribus kwa kupanga kurasa. Zote ni programu huria: unapakua bure, unampa jirani bure, na hakuna mtu wa kukufungia. LibreOffice ina ukoo mrefu. Ilianzia Ujerumani ikiitwa StarOffice, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma ukaitwa OpenOffice.org. Sun ilipomezwa na Oracle mwaka 2010, kundi kubwa la waliokuwa wakiijenga walihofia hatima yake, wakachukua msimbo wakaondoka nao, wakaupa jina jipya. Hapo ndipo ninapopapenda. Wenye kampuni walibadilika na programu haikufa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kufuli. Akaunti yangu ya chuo ingekuwa na tabia hiyo, ningekuwa na ile nusu riwaya mbaya mpaka leo.

Na kabla hujaniambia hivi ni vitu vya Wazungu, kumbuka mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. 2004! Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana. Watu walikaa chini wakajadiliana menyu ziitweje kwa lugha yetu, na sisi miaka ishirini baadaye bado tunaandika hadithi za Kiswahili ndani ya programu inayochora mstari mwekundu chini ya kila neno, kama mwalimu wa Kiingereza mwenye hasira, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kubadilisha lugha ya kukagua tahajia. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Haijui Sheng, na haijui maneno yote ya Pwani, lakini angalau inajua "nilimwambia" si kosa.

Sasa najua utakachosema, nimesikia yote. Eti ukituma faili ya LibreOffice, mpangilio unaharibika. Mara nyingi kinachoharibika ni fonti. Umeandika kwa Calibri, mwenzako hana Calibri, kompyuta yake inaweka nyingine na mistari inasogea. LibreOffice huja na Carlito, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Calibri, na Liberation Serif, iliyolinganishwa na Times New Roman. Kingine kinachoharibika ni ile tabia yetu ya kusukuma kichwa cha habari katikati kwa kubonyeza nafasi mara arobaini. Hiyo hata Word kwa Word inaharibika. Jifunze kutumia mitindo ya aya, ni kazi ya alasiri moja, utashangaa ulikuwa unaishi vipi.

Kitu kimoja nakubali: mhariri akijaza faili masahihisho ya rangi tatu na maoni pembeni, na ikapita kwa Word na LibreOffice mara nne tano, wakati mwingine hurudi imevurugika. Imenitokea. Tulimaliza kwa PDF na simu.

Scribus ndiyo ngumu, sitakudanganya. Sura yake ni ya zamani, kuandika maandishi marefu ndani yake ni adhabu, na ukiletewa faili ya InDesign yenyewe haitaifungua. Mara ya kwanza niliizima nikalala. Lakini mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tulitaka kutoa kijitabu cha mashairi, kurasa 24, chenye pini mbili katikati. Mmoja alisema tutafute InDesign ya kraki. Nikakataa, tukagombana kidogo, nikapewa wiki moja.

Maandishi niliyaandika LibreOffice, nikayaingiza Scribus, nikaweka fremu, nikaunganisha fremu ili shairi refu litiririke kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nikajifunza kuacha milimita tatu za ziada kila upande, ili mashine ya kukata isiache ukingo mweupe kwenye picha. Nikajifunza kwamba kitabu cha pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, ndiyo maana shairi moja la mwenzangu lilikatwa (yeye anasema ni njama, na labda ni kweli). Scribus ikatoa PDF yenye rangi nne za uchapishaji. Tukapanda hadi River Road, ngazi za giza, harufu ya wino. Fundi akafungua PDF, akakuza, akatazama kingo, akauliza nakala ngapi. Hakuuliza faili imetoka kwa programu gani. Hakuna fundi wa uchapaji anayejali. Anayejali ni sisi, tunaofikiri jina la programu ndilo litatufanya wachapishaji.

Kuna wanaosema siku hizi Affinity ni bure, baada ya kununuliwa na Canva mwaka 2024. Kweli, ni bure tangu 2025, na ni nzuri, na ukiipenda itumie. Mimi nikisikia "bure, fungua tu akaunti" ninakumbuka ofisi fulani na meza fulani. Na Google Docs? Naitumia tukiandika watu watatu kwa pamoja. Lakini hadithi yangu ya pekee kukaa mahali ambapo bando likiisha naanza kuhangaika, hapana. Kama huna laptopu na unaandikia kwa simu, wengi wetu tulianzia hapo, kuna Collabora Office ya Android, imejengwa juu ya LibreOffice na inafungua faili hizohizo.

Niliobakisha ni wahariri, na hawa ndio wa kulaumiwa zaidi. Fungua mwongozo wa kutuma kazi wa majarida yetu na mashindano yetu (sisemi lipi, manake nataka hii ichapishwe). Word pekee. Times New Roman pekee. Faili nyingine haitasomwa. Unamwambia msichana wa Githurai mwenye laptopu ya mtumba kwamba ili hadithi yake isomwe lazima awe na programu ambayo hana pesa ya kuinunua, na unajua vizuri ataipata wapi. Halafu jioni unakaa kwenye jopo unazungumzia kuwafungulia mlango waandishi wapya. Umbizo la ODF lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na Word yenyewe inalifungua. Kuongeza "au ODT" kwenye mwongozo ni herufi tano. LibreOffice huhifadhi pia kwa docx, kwa hiyo msichana huyo akijua ujanja huo atapita. Lakini nani amemwambia? Mwongozo wako umemwambia Word, naye akaenda saiba na mia tano.

Mimi nimeenda tena kwa yule kijana wa saiba. Tumeweka LibreOffice kwenye mashine mbili kati ya sita. Alikubali hizo mbili kwa sababu kraki zake zilikuwa zimeanza kuleta ujumbe mwekundu juu ya skrini na wateja wanalalamika. Watu wa CV wanachapa na kwenda, na hadi sasa hakuna aliyeuliza.

Faili ya kupakua ni karibu MB 350, na najua hilo ni bando la mtu. Kama unakaa upande wetu, ninayo kwenye flashi. Njoo na yako, ikiwezekana iwe tupu, na ile mia tano kanunue chapati.