Misaada ya mazingira ianzie jikoni

Kila panapozungumzwa misaada ya kimataifa ya kuhifadhi mazingira, wengi wetu huwaza tembo, misitu na mito. Ni nadra kumsikia mtu akitaja mapafu ya mama anayepika. Nikiwa daktari ambaye huwatibu watu wenye kikohozi karibu kila siku, naona kwamba pengo hilo ni kubwa, na kwamba wakati umefika wa kuliziba.

Hebu tuchukue mfano wa Leparua, katika Kaunti ya Isiolo. Hili ni eneo la wafugaji linalopakana na hifadhi ya Lewa, na wenyeji wake wana hifadhi yao ya kijamii ambayo ni mwanachama wa shirika la Northern Rangelands Trust (NRT). Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za NRT zilitoka ng'ambo. Mfadhili wake mmoja mkubwa alikuwa shirika la Marekani la USAID, ambalo lilifunga shughuli zake Julai 2025. Sibezi hata kidogo kazi iliyofanywa na fedha hizo. Mfugaji asiye na malisho hana maziwa, na mtoto asiye na maziwa huletwa zahanati akiwa amedhoofu.

Lakini tuyaache malisho kidogo, tuingie ndani ya nyumba ya mfugaji. Paa ni la chini, dirisha ni dogo au halipo kabisa, na katikati kuna mafiga matatu na kuni zinazowaka. Mama ameinama juu ya sufuria, na mtoto mchanga yuko mgongoni mwake. Moshi umejaa mpaka macho yanatoa machozi.

Moshi huo si wa kuchezewa. Chembechembe zake ndogo mno hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Humo hudhoofisha kinga ya mwili, na vijidudu vya nimonia hupata mwanya wa kumshambulia mtoto. Kwa mtu mzima, moshi wa miaka mingi huleta kikohozi sugu, kubanwa pumzi, maradhi ya moyo na hata mtoto wa jicho. Nimewatibu akina mama waliopita umri wa miaka 50 ambao hawajapata kuvuta sigara hata moja, lakini mapafu yao yamechakaa kama ya mvutaji wa siku nyingi. Ukiwauliza wanapikia nini, jibu ni kuni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majumbani huua watu takriban milioni 3 kila mwaka ulimwenguni. Hapa kwetu, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote, yaani asilimia 55, zilitegemea kuni kwa kupikia.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka mbali. Katika miaka ya 1990 wanasayansi Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya uchunguzi wao huko Mpala, katika Laikipia, ambayo ni jirani ya Isiolo. Walifuatilia nyumba 55 kwa zaidi ya miaka miwili, wakipima moshi na kuhesabu wagonjwa wa kifua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet, yalionyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyougua mara nyingi zaidi.

Kulikuwa na funzo jingine katika uchunguzi huo, ambalo wafadhili wengi hawakulizingatia. Madhara ya moshi hupanda kwa kasi kubwa zaidi katika viwango vya chini, kisha kasi hiyo hupungua moshi unapozidi maikrogramu 1,000 hadi 2,000 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Maana yake ni kwamba nyumba iliyojaa moshi ikipunguziwa kidogo tu, watoto wake wataendelea kuugua karibu vilevile. Nafuu ya kweli huja pale moshi unapopunguzwa sana. WHO ilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembechembe hizo zisizidi maikrogramu 45 kwa wastani wa siku nzima.

Malawi ilithibitisha jambo hilo kwa uchungu. Huko watoto zaidi ya 10,000 walihusishwa katika jaribio la meko ya kuni yaliyoboreshwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Nimonia haikupungua. Meko yaliharibika mara kwa mara, na moshi wa vyanzo vingine ukabaki palepale. Kwa hiyo si kila jiko linaloitwa bora ni dawa.

Sasa tutazame pesa. Siku hizi misaada mingi ya aina hii huja kwa njia ya biashara ya hewa ukaa. Kampuni ya ng'ambo inayochafua hewa hulipa ili meko yagawiwe Afrika, kisha hujihesabia kuni ambazo zinasemekana hazikuchomwa. Mwaka 2024, Kammen yuleyule wa Mpala na wenzake walichunguza miradi ya namna hiyo katika nchi mbalimbali, wakagundua kwamba katika miradi waliyoichunguza faida iliyotangazwa ilizidi ile halisi kwa zaidi ya mara 9. Jiko lilihesabiwa kuwa linatumika kila siku, kumbe mwenyewe amerudia mafiga yake.

Na kwa nini asirudie? Moto wa mfugaji una kazi nyingi kuliko kuivisha chakula. Usiku wa baridi hupasha nyumba joto, hufukuza mbu, na vijinga vyake hutumiwa kusafishia vibuyo vya maziwa. Mtaalamu aliyechora jiko lake ofisini bila kumuuliza mama wa Leparua atashangaa kulikuta likiwa kiota cha kuku. Kutowauliza wenyeji kuna gharama. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria. Malalamiko makubwa ya wenyeji yalikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo.

Kuna watakaosema kwamba basi misaada hii yote haina maana. Mimi sikubali. Jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo wengi wetu mijini tunalo, lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wazo lililotoka Thailand na kwa msaada wa wafadhili. Pesa hizo zilitumika kufanya majaribio na kuwafunza mafundi wa jua kali. Wafadhili waliondoka, lakini jiko lingali linatengenezwa na kuuzwa hadi leo, na huokoa kati ya thuluthi na nusu ya makaa. Huo ndio msaada unaobaki.

Kwa maoni yangu, yafaa serikali yetu iweke masharti matatu inapopokea fedha za mazingira kwa ajili ya sehemu kama Leparua. Kwanza, sehemu ya kila mradi itengwe kwa ajili ya jikoni: gesi pale inapoweza kufika na kujazwa tena kwa bei nafuu, na pale isipofika, meko yenye bomba la kutolea moshi nje. Pili, moshi upimwe ndani ya nyumba na wagonjwa wa kifua wahesabiwe zahanati, kabla ya mradi na baada yake. Mfadhili aoneshwe hesabu hiyo pamoja na ile ya miti na tembo. Tatu, akina mama wenyewe wachague chombo watakachotumia, na fundi wa kukitengeneza apatikane karibu.

Serikali nayo ina mchango wake. Mwaka 2023 iliondoa ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia, na hatua hiyo isirudishwe nyuma. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikieleza kwamba sehemu kubwa ya gharama itategemea msaada wa kimataifa. Na mwezi Mei 2024, mkutano wa Paris juu ya nishati safi ya kupikia Afrika, ambao Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ulitoa ahadi za dola bilioni 2.2. Ni juu yetu kuuliza ni shilingi ngapi kati ya hizo zitafika mekoni.

Wewe msomaji wa mjini usidhani kwamba haya hayakuhusu. Ukipikia makaa, weka jiko nje au karibu na dirisha lililo wazi, na kamwe usiliingize chumbani usiku kwa ajili ya joto. Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua familia nzima usingizini. Mtoto mwenye kikohozi ambaye anapumua haraka au kifua chake kinabonyea apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe wa Leparua au wa Nairobi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja Isiolo na fedha zao kwa miaka mingi. Tuwaombe waje tena, lakini safari hii tuwaoneshe jikoni, kwa maana huko ndiko mwenyeji anakougulia.