Kiwanja Kinabadilishwa, Barabara Je?

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 wakazi wa Dodoma mjini waliongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179. Mpango wa mji wa mwaka 1976, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Toronto, ulikusudia mji wa waenda kwa miguu na wapanda mabasi. Wako wanaoucheka leo. Walau uliuliza watu watapita wapi.

Siku hizi kiwanja cha familia moja huombewa kibali kiwe cha ghorofa, hosteli au baa. Mipaka hupimwa, ada hulipwa. Magari ya asubuhi amehesabu nani? Tunajibiwa kwamba ipo barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Hiyo ni ya malori yapitayo. Haiupanui uchochoro wa Nkuhungu hata kwa shubiri moja. Anayesukumwa mtaroni ni mtoto aendaye shule.

Basi walei wa kila kigango wahudhurie mkutano wa mtaa. Kabla matumizi hayajabadilishwa, wadai hesabu iliyoandikwa: magari, bodaboda na waenda kwa miguu, asubuhi na jioni.