Koki ya Tano Sinunui

Mhariri,

Nimepanga Kariakoo, jirani na Mtaa wa Sikukuu, na tangu Januari nimenunua koki nne kwa sinki moja. Mwenye nyumba anasema tunakaza mno. Muuza vifaa anasema tunapenda vya bei poa. Kila mmoja ana sababu yake, na zote zinaishia mfukoni mwangu.

Fundi wa nne ndiye aliyenifumbua macho. Alifungua koki, akakwangua kwa bisibisi: ukatoka ukoko mweupe kama wa birika, na vigamba vya kutu. Jengo letu linachanganya maji ya Ruvu na ya kisima katika tangi moja. Maji ya kisima ni ya chumvi, kama ya visima vingi vya huku karibu na bahari. Sabuni haitoi povu, na chai yake humpi mgeni. Tena yana chokaa. Yakikauka ndani ya koki yanaacha ukoko, raba ikikandamizwa juu yake inachanika, tone linapita. Hapo kweli tunakaza (nani asingekaza?) na raba ndiyo inakwisha kabisa.

Chumvi hiyohiyo inakula bomba la chuma lililomo ukutani tangu jengo lijengwe. Ukija mgao wa maji, bomba linabaki tupu, kutu inakauka na kubanduka. Maji yakirudi yanaisukuma yote hadi kwenye koki. Ndoo ya kwanza huwa na rangi ya chai kavu.

Usiku mmoja nilikinga matone ya koki yangu. Kuanzia saa mbili hadi alfajiri saa kumi na mbili, ndoo ya lita 20 ilijaa. Kwa mwezi, ikivuja usiku na mchana, ni lita 1,440, karibu yuniti moja na nusu, na bili tunagawana kwa vichwa, pamoja na mama wa chumba cha pili ambaye koki yake haivuji.

Na hivyo visima? Vingi vya jiji vilichimbwa kwa dharura, wakati wa ukame wa 1997. Leo ni miaka mingapi, na bado tunavitegemea?

Wenye majengo, ng'oeni mabomba ya chuma, mweke ya plastiki. Maji ya kisima yatengewe tangi lake, yaende chooni. Na wanaotoa vibali vya visima wadai maji yapimwe, majibu yabandikwe getini tuyasome kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Mpangaji,
Kariakoo, Dar es Salaam