Gety: Wazee wanaosahau wahesabiwe, tena wahesabiwe vizuri

Huko Gety, katika usultani wa Walendu Bindi, kusini mwa Bunia, mzee akianza kupotea njia ya shamba lake, au kumwita mtoto wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, watu hutoa majibu mawili. Wengine husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba ni uchawi. Jibu la tatu, kwamba mzee huyo ni mgonjwa, halisikiki sana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, na chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini Kongo ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo, vijiji vya Irumu vimekimbiwa na kurudiwa mara nyingi kwa sababu ya vita. Bila hesabu ya kuaminika, hakuna bajeti wala dawa itakayopangwa kwa haki.

Shida ya kwanza ni umri. Kuanzia miaka 65, hatari ya demensia huongezeka karibu maradufu kila miaka mitano. Wazee wa miaka 75 wakiandikwa kwa wingi kuwa wana 80, ugonjwa utaonekana haba kuliko ulivyo. Dawa yake si mashine ya bei kali, bali ni kalenda ya matukio: mzee alikuwa ameoa wakati wa uhuru, 1960? Alikuwa na watoto wangapi wakati wa Wasimba, 1964? Na nchi ilipoitwa Zaire, 1971?

Shida ya pili ni maswali. Mama asiyepita shuleni akishindwa kutaja tarehe au kuchora saa, hiyo peke yake si dalili ya ugonjwa. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, walilijua hilo tangu miaka ya 1990: fishi yao ilimuuliza pia ndugu anayeishi na mzee, kama amebadilika. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa katika vijiji vyao, na demensia ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4. Hesabu hiyo inaaminika kwa sababu haikungoja wagonjwa wafike hospitalini.

Shida ya tatu ni wasiokuwepo. Mzee aliyekimbilia Bunia, au anayefichwa ndani kwa aibu, haingii katika daftari. Hesabu inayomsahau anayesahau ni hesabu ya bure.

Huko Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake tayari wanawachunguza wazee, kumbukumbu zao na damu yao. Lakini Kinshasa si Gety. Viongozi wa afya wa jimbo na vyuo vikuu vya Bunia waanze na kidogo: maswali yaliyojaribiwa kwa Kingiti na Kiswahili, wauguzi waliofundishwa kuuliza umri, na mtaalamu wa takwimu anayeitwa kabla ya kazi kuanza, si baada ya makosa kuingia. Mzee aliyeandikwa vizuri ni mgonjwa wa kutunzwa, si mchawi wa kufukuzwa.