Padre Aingie Ndani: Wito kwa Tunaosali kwa Kiswahili Marekani



Ndugu zangu, ninawaandikia ninyi mnaosali kwa Kiswahili katika parokia za Marekani: Mkongomani aliyefika hapa kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, Mtanzania, Mrundi, Mnyarwanda, na kina mama wa jumuiya wanaotupikia baada ya Misa. Hasa ninawaandikia wale kati yetu tulioinua mkono tukala kiapo cha uraia. Wako ndugu zetu katika vizuizi vya uhamiaji wanaoomba padre na hawampati. Ninaomba tusilinyamazie jambo hili, na tulibebe kama jumuiya, si kila mtu na huzuni yake nyumbani kwake.

Tarehe 11 Oktoba 2025, waamini wa Jimbo Kuu la Chicago waliandamana na Ekaristi Takatifu kutoka Maywood hadi Broadview, mji mdogo wa magharibi mwa Chicago, ambako idara ya uhamiaji, ICE, ina jengo la kupokelea watu inaowakamata. Walikuwa na ombi moja: mapadre waingie wawape Komunyo waliomo. Polisi wa Illinois walilifikisha ombi hilo, na jibu likarudi kwamba haiwezekani. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, Misa iliadhimishwa nje ya jengo hilohilo, askofu msaidizi José María García-Maldonado akiwa pamoja na umati mkubwa. Wakaomba tena, wakakataliwa tena. Siku tatu baadaye, Baba Mtakatifu Leo XIV, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Chicago, aliulizwa habari hiyo na waandishi huko Castel Gandolfo. Alirejea sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, akazihimiza mamlaka ziwaruhusu wahudumu wa kichungaji kuwafikia watu hao.

Serikali ina hoja yake na inafaa isikilizwe. Wizara ya Usalama wa Ndani ilieleza kwamba Broadview ni ofisi ya kuwapitisha watu tu, na kwamba huduma za dini hutolewa kwenye vituo vya kuzuilia. Lakini vyumba vya aina hiyo, ambavyo mtu alitakiwa akae saa 12 tu, tangu Juni 2025 viliruhusiwa kumweka hadi saa 72. Mwanzoni mwa Novemba, waliopitia humo walimweleza jaji wa shirikisho jinsi walivyolala sakafuni karibu na choo. Jaji Robert Gettleman akaamuru wapewe kitu cha kulalia, sabuni, maji ya kunywa na nafasi ya kumpigia wakili simu. Ikiwa mahakama imelazimika kuagiza matandiko, basi watu wanalala pale, wanaumwa pale, na wanaogopa pale. Kuita jengo ofisi hakumwondolei aliyefungiwa ndani haja ya kuungama.

Tena watu hawa hawatumikii kifungo. Kizuizi cha uhamiaji si adhabu ya jinai. Ni hatua ya kiutawala, mtu akisubiri kusikilizwa au kuondoshwa nchini. Aliyehukumiwa kwa mauaji na kupelekwa gereza la shirikisho anamkuta humo kasisi aliyeajiriwa na serikali. Kule Kenya, Idara ya Magereza ina makasisi wake wenye vyeo. Iweje basi anayesubiri kusikilizwa anyimwe anachopewa aliyekwisha kuhukumiwa? Na wanaozungumziwa si wachache. Katikati ya Novemba 2025, waliokuwa mikononi mwa ICE nchi nzima walipita 65,000. Ndani ya mwaka huo, zaidi ya watu 20 walifia mikononi mwa idara hiyo. Ninapofikiri juu ya hao waliokufa, swali langu la kwanza ni kama yupo aliyewapaka mafuta.

Najua wapo watakaosema kwamba aliye ndani anaweza kusali mwenyewe. Anaweza, na anasali. Asiye na rozari ana vidole kumi. Lakini Mungu tunayemwamini alitwaa mwili, na sakramenti alizotuachia zinapita katika mwili. Maungamo hayasikilizwi kwa simu wala kwa video. Kanisa halitambui ondoleo la namna hiyo. Mpako wa Wagonjwa unataka mkono wa padre na mafuta juu ya paji la uso. Ekaristi inaliwa. Maongezi ya skrini yanamsaidia baba kumwona mwanawe, na hilo ni jambo jema, ila hayampi Mwili wa Kristo. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato hapa: ama padre anavuka ule mlango, ama mwamini anakaa bila sakramenti.

Na tusiizungumzie kama hisani inayoombwa kwa unyenyekevu. Kanuni ya 213 ya Sheria ya Kanisa inatamka kwamba waamini wana haki ya kupata kwa wachungaji wao Neno la Mungu na sakramenti. Haki ni ya mwamini. Padre ana wajibu wa kuitimiza. Sheria za Marekani nazo haziko kinyume nasi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanalinda uhuru wa kuabudu, na sheria ya mwaka 1993 ya kurejesha uhuru wa dini inaitaka serikali ya shirikisho, kabla ya kumkwaza mtu katika ibada yake, ithibitishe sababu nzito na ionyeshe kwamba haikuwa na njia nyingine nyepesi zaidi. Kanuni za ICE zenyewe kuhusu vituo vyake vya kuzuilia zinataja huduma za dini na kutembelewa na viongozi wa dini. Novemba 2025, mapadre, watawa na walei wa Chicago walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho kwa misingi hiyo. Mahakama ina kazi yake, na sisi tuna yetu.

Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hili kabla ya wengine. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha Mashahidi wa Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kule Munyonyo, baadhi ya vijana waliokuwa na Karoli Lwanga walikuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwa mdogo wao. Padre hakuwepo na kifo kilikuwa karibu. Lwanga akawabatiza yeye mwenyewe. Siku iliyofuata, Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwapo pale kwenye makao ya Kabaka Mwanga. Aliwaona vijana wake wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, asiweze kuwafikia. Ninawaomba wazee wa jumuiya wawasimulie watoto wetu waliozaliwa hapa kisa hicho kwa ukamilifu, pamoja na huyo padre aliyezuiwa hatua chache tu kutoka kwa waamini wake.

Lwanga alifanya yote ambayo mlei anaweza kuyafanya. Panapokuwa na hatari ya kifo, mlei anaweza kubatiza. Kuungamisha hawezi, kuadhimisha Misa hawezi. Kazi iliyobaki kwetu walei ni kumfikisha padre mlangoni na kutotoka hapo mpaka mlango ufunguliwe.

Nao umewahi kufunguliwa. Masista wawili wa Shirika la Huruma, Pat Murphy na JoAnn Persch, walianza mwaka 2007 kusali rozari kila Ijumaa asubuhi nje ya jengo hilo la Broadview. Walikuwa wazee tayari. Hawakuishia kusali. Walipofungiwa nje ya jela ya kaunti iliyokuwa ikiwashikilia wahamiaji, waliwafuata wabunge wa Illinois, na mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya kuwahakikishia wahamiaji walioshikiliwa katika jela za jimbo hilo huduma za viongozi wa dini. Broadview nako, kwa miaka mingi, waliruhusiwa kusali na watu waliokuwa wakiondoshwa nchini. Wote wawili walifariki mwaka 2025, Sista Pat Julai na Sista JoAnn Novemba. Mungu awapumzishe kwa amani. Kule Florida, kwenye kizuizi cha mahema kilichofunguliwa katika vinamasi vya Everglades mwanzoni mwa Julai 2025, Askofu Mkuu Thomas Wenski wa Miami alifika mwezi huohuo na waendesha pikipiki Wakatoliki, wakasali rozari langoni. Mwanzoni mwa Agosti Misa iliadhimishwa ndani. Kwa hiyo anayetuambia kwamba haiwezekani kiusalama, tumjibu kwa heshima kwamba imewezekana, na mahali pagumu kuliko Broadview.

Sasa sisi tufanye nini? Tuanze na kile tulichokuja nacho kutoka nyumbani: jumuiya ndogondogo. Wenzetu wa hapa wana parokia kubwa ambamo mtu anaweza kutoweka wiki tatu pasipo kuulizwa. Sisi tukikutana nyumba kwa nyumba tunajua siku hiyohiyo nani hakuja na kwa nini. Kila jumuiya iteue watu wawili, raia, wa kushika kazi hii. Wao ndio watakaotunza jina kamili la kila aliyekamatwa kama lilivyo kwenye hati zake, nchi aliyozaliwa, na ile namba ya mgeni inayoanza na herufi A, kwa sababu bila hiyo ni shida kumpata mtu katika mfumo wa ICE wa kuwatafuta waliozuiliwa. Watu huhamishwa ghafla, leo Illinois, kesho Texas au Louisiana. Orodha hiyo ikae kwenye karatasi, mikononi mwa hao wawili na paroko. Isiwekwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp.

Familia ambazo hazina uhakika na hati zao zijue mapema la kufanya. Akikamatwa mtu, aseme wazi kwamba ni Mkatoliki na kwamba anaomba padre, na aliombe hilo kwa maandishi kila anapopata nafasi. Ombi lililoandikwa lina uzito mbele ya jaji. Afundishwe pia sala ya majuto kamili na Komunyo ya tamaa, ili hata padre akichelewa asijione ameachwa na Mungu.

Kuhusu mapadre nina neno moja gumu. Wengi wa wanaotuadhimishia Misa ya Kiswahili wako hapa kwa viza ya watumishi wa dini, inayotegemea serikali hiyohiyo inayofunga mlango. Si haki kumtuma padre wa namna hiyo peke yake getini. Waende kwanza mapadre ambao ni raia, nasi raia tuwe nyuma yao. Mashemasi na wahudumu wa Komunyo wa kwetu walio raia waandikishwe pia. Kiongozi wa dini huchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuingia katika vituo hivi, na uchunguzi unachukua muda. Basi kila jimbo liwasilishe majina yake sasa, kabla mgonjwa hajaanza kukata roho. Maaskofu wa Marekani walishafungua njia. Walipokutana Baltimore tarehe 12 Novemba 2025, walipitisha kwa kura 216 dhidi ya 5 ujumbe maalumu wa kuwatetea wahamiaji. Twende kwao tukiwa na majina ya mapadre na ya vituo, tuwaombe waugeuze ujumbe huo kuwa ratiba ya Misa.

Asiye na hati asije getini. Hatumtaki shujaa atakayewaacha watoto wake peke yao. Tutakaokwenda twende kwa utulivu, bila matusi kwa walinzi. Wengine wao tunakula nao meza moja ya Bwana. Na tunapodai, tudai kwa wote. Miongoni mwa Waswahili wenzetu wamo Waislamu wanaomhitaji imamu, Ijumaa yao na futari yao wakati wa Ramadhani. Misikiti ya jirani zetu ialikwe tangu mkutano wa kwanza, isiitwe mwishoni kuja kutia sahihi.

Kisha tuandike. Wabunge na maseneta wa Congress wana mamlaka kisheria ya kuvitembelea na kuvikagua vituo hivi, na wanapoingia huuliza yale waliyoulizwa na wapigakura wao. Barua isizidi ukurasa mmoja. Itaje kituo kilicho karibu nawe, jina la padre aliyekubali kwenda, na siku tunazoziomba: Misa kila Dominika, maungamo kila wiki, na Mpako wa Wagonjwa saa yoyote unapohitajika. Mwombe mbunge akujibu kwa maandishi, utie sahihi kwa jina lako kamili na anwani unayopigia kura. Jumuiya yenye nyumba kumi itume barua kumi, kila nyumba na maneno yake, zifike kabla ya Jumatano ya Majivu.