SAFARI YA MASOMO SI YA WATOTO WA WENYE FEZA TU



Tunajua barua zile zinazotoka masomoni: kalasi itafanya safari, kila mzazi alete feza mbele ya siku tano. Mwenye feza analipa. Asiye nayo anamwambia mtoto abaki nyumbani. Asubuhi bisi inaondoka na nusu ya kalasi, na nusu ingine inasimama kando ya njia kuitazama. Tunasema waziwazi: hiyo si safari ya kufundisha. Somo la kwanza la siku ile ni kwamba kuko watoto wa aina mbili.

Lakini tusiseme basi safari ziishe. Mtoto wa Lubumbashi anaona kila siku mnara mrefu wa kiwanda na ule mlima mweusi wa takataka ya shaba. Nani amemweleza? Shaba ya kwanza iliyeyushwa pale mwaka 1911, na wengine husema kazi ya shaba ilianza siku hiyo. Ni uongo. Mababu wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi mbele ya pale, wakatengeneza misalaba iliyotumika kama feza. Mtoto akijua hayo hatadanganywa tena. Na mzee wa mji awaeleze habari ya mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wafanya kazi walioomba mshahara walipopigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni kwenye kiwanja cha mpira.

Kiisha wapelekwe Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ambako maji yanazungusha mashini tangu mwaka 1930 kwa kupatia viwanda vya shaba umeme. Waelezwe pia habari ya waya itokayo Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, na waulize: kwa nini vijiji vingi chini ya waya ile vinakaa gizani? Mtoto anayeuliza hivyo ameanza kusoma kweli.

Safari ya namna hii inataka kutengenezwa mapema. Mwalimu aombe ruhusa kwa maandishi, aende kwanza yeye mwenyewe, ajue maji ya kunywa yako wapi na choo kiko wapi. Wazazi wawili wafuate, mmoja mbele, mmoja nyuma, na watoto wahesabiwe kila wanapopanda na kushuka. Wasikaribie mashimo ya wachimbaji, kwani udongo huanguka. Kila mmoja achukue kaye yenye maswali matatu aliyoandika mbele ya kuondoka. Wakirudi, kalasi ieleze wazazi yote waliyoona. Bila hayo, tumelipa bisi kwa kula mikate njiani.

Sasa feza. Sisi makarani tunaishi na hesabu, basi tuhesabu pamoja. Tuseme kalasi ina watoto 50 na kila mmoja anatakiwa franka 20,000. Kutoa zote siku moja ni mzigo mkubwa. Kutoa franka 1,000 kila juma kwa majuma 20 ni kazi inayowezekana, na jumla ni ile ile: franka 1,000,000. Tuseme tena watoto watano hawana kitu, baba amekufa au amefukuzwa kazini. Wale 45 wakigawana mzigo wao, kila mmoja ataongeza franka 112 tu kwa juma. Ndugu, mtoto mwenzetu abaki njiani kwa sababu ya franka 112?

Basi kamati ya wazazi ichaguliwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Feza iandikwe katika kitabu, watu wawili watie sahihi, na hesabu isomwe mbele ya wote. Na bisi isiondoke mpaka kila mtoto wa kalasi ameketi ndani.